Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu upimaji wa akili gerezani

Nimefanya kazi ya kupima uwezo wa akili wa wafungwa kwa miaka kadhaa, na maswali ninayoulizwa hayabadiliki sana. Askari magereza ana lake, wakili ana lake, na mama wa mfungwa huuliza lake kwa sauti ya chini huku ameukumbatia mkoba. Haya ndiyo yanayorudi mara nyingi zaidi, na nimeyajibu kama ninavyowajibu wao.

Je, ni kweli wafungwa wana akili ndogo kuliko watu wa uraiani?

Kwa wastani, alama zao za IQ ziko chini. Tafiti nyingi, hasa za Marekani na Ulaya, zimelikuta jambo hilo, na pengo linalotajwa mara kwa mara ni la pointi 8 hadi 10. Wataalamu wa uhalifu wa Marekani, Travis Hirschi na Michael Hindelang, walipozipitia upya tafiti hizo mwaka 1977, walionyesha kwamba pengo linabaki hata ukilinganisha watu wa tabaka moja la maisha.

Lakini wastani ni wa kundi, haukai kichwani mwa mtu yeyote. Hebu tufanye hesabu. Chukua gereza lenye wafungwa 1,000 ambao wastani wao ni 90, na alama zao zimesambaa kama zinavyosambaa kwa watu wengine. Takriban 250 kati yao watakuwa juu ya 100, maana yake wamewazidi nusu ya watu walio nje. Karibu 50 watapita 115. Kwa hiyo anayeingia gerezani akidhani kila atakayekutana naye ni mzito wa kuelewa, atadanganyika mapema sana, na pengine ataibiwa.

Tazama sasa upande wa chini. Katika watu 1,000 wa uraiani, wanaopata chini ya 70 ni kama 23. Katika gereza letu la mfano wanafika 90 hivi. Wastani umesogea kidogo tu, lakini walio mwishoni kabisa wameongezeka mara nne. Hao ndio wanaonifanya niandike ukurasa huu.

IQ yenyewe ni nini? Ni asilimia?

Si asilimia. Nimewahi kumsikia mtu mzima, msomi, akisema mfungwa mwenye 70 "amepata sabini kwa mia, si mbaya." Alama ya IQ inasema mtu amesimama wapi akilinganishwa na watu wa rika lake. Katikati ni 100, na watu wapatao 68 katika kila 100 huwa kati ya 85 na 115. Mwenye 70 amezidiwa na karibu watu 98 katika kila 100.

Kipimo cha kwanza kilichofanya kazi kilitungwa Paris mwaka 1905 na Alfred Binet na Théodore Simon, ili kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa ziada shuleni. Binet aliwapinga waziwazi waliosema akili ya mtu ni kiasi kisichoweza kuongezeka. Vipimo vinavyotumika zaidi kwa watu wazima leo vimetokana na kazi ya David Wechsler, mwanasaikolojia wa hospitali ya Bellevue, New York, aliyetoa toleo la kwanza mwaka 1939.

Neno letu "akili" nalo linatupa tabu kidogo, kwa sababu limebeba mengi: busara, ujanja, adabu, kumbukumbu, hata afya. Tukisema "huyu hana akili" mara nyingi tunalalamikia tabia yake. Kipimo hakigusi hayo. Kinapima uwezo wa kufikiri kwa kutumia maneno, maumbo, tarakimu na kasi, basi.

Mfungwa hupimwaje?

Chumba kidogo, meza, viti viwili, na mlango ambao mara nyingi hauruhusiwi kufungwa kabisa. Kazi huchukua kati ya saa moja na mbili. Kuna sehemu ya maneno: eleza maana ya neno hili, sema vitu hivi viwili vinafanana kwa lipi. Kuna sehemu ya macho na mikono: anapewa vipande vya mraba vyenye pande nyekundu na nyeupe, avipange vifanane na picha iliyo mbele yake huku saa inakwenda. Kuna tarakimu: ninazitaja, naye anazirudia, kisha anazirudia kinyumenyume. Na kuna kazi ya kasi, ya kunakili alama ndogondogo moja baada ya nyingine.

Namkumbuka mzee mmoja aliyejibu vizuri sana kwa mdomo, lakini alipofika kwenye zile alama ndogo akaanguka vibaya. Alikuwa ameinama hadi pua inakaribia karatasi. Nikamuuliza miwani iko wapi. Akasema ilivunjika siku aliyokamatwa. Alikuwa amekaa ndani miaka miwili na hakuna aliyemuuliza. Tukaahirisha. Tangu siku ile, kabla sijafungua sanduku la vifaa, nauliza kwanza: Umelala? Umekula? Unaona vizuri? Unasikia? Unatumia dawa gani? Unasubiri hukumu wiki hii? Alama iliyopatikana bila maswali hayo siiamini, hata iwe imepigwa mihuri mingapi.

Kuna pia vipimo vya kundi, vya karatasi, vinavyofanywa na watu wengi kwa pamoja. Magereza ya Marekani yametumia kwa miongo mingi kipimo kisichohitaji kusoma, kilichotokana na kile cha "Beta" walichopewa askari wasiojua kusoma mwaka 1917. Hivyo vinafaa kuchuja tu. Kumwamulia mtu jambo zito kwa kipimo cha kundi ni kosa.

Kuna mpangilio fulani wa uwezo unaoonekana kwa wafungwa?

Upo, na kwangu una maana kubwa kuliko alama ya jumla. Mwaka 1944 Wechsler aliandika kwamba vijana wakorofi aliowapima walielekea kufanya vizuri zaidi kwenye kazi za vitendo kuliko za maneno. Tangu hapo jambo hilo limeonekana tena na tena: mkono na jicho vinakwenda vizuri, lugha inabaki nyuma. Unamwona kijana anapanga vile vipande vyekundu na vyeupe haraka kuliko wanafunzi wa chuo, halafu unamwomba aeleze maana ya neno la kawaida, anakaa kimya, anatabasamu, anatazama dirishani.

Udhaifu wa pili ni wa kujiongoza: kupanga hatua, kuzuia mkono usitangulie, kushika mambo mawili kichwani kwa wakati mmoja, kubadili njia ile ya kwanza ikishindikana. Mwanasaikolojia Terrie Moffitt na wenzake, waliowafuatilia watu 1,037 waliozaliwa Dunedin, New Zealand, mwaka 1972 na 1973, walivikuta vyote viwili, lugha na kujiongoza, vikiwa dhaifu zaidi kwa wale ambao ukorofi wao ulianza utotoni na haukuisha. Walioanza ujanani na kuacha baadaye walikuwa na tofauti ndogo.

Lugha ndiyo tunayojisemeza nayo moyoni kabla ya kutenda. "Ngoja kwanza." "Nikimpiga itakuwaje?" Asiye na maneno ya kutosha ana breki moja pungufu. Hata hivyo usiitazame picha hii upande mmoja. Wafungwa wengi waliacha shule mapema, na sehemu ya maneno hulishwa na shule kuliko sehemu nyingine yoyote. Ukimkuta mtu ana maneno machache, huenda unapima miaka ambayo hakuketi darasani.

Na mpangilio huu hauwezi kumtambua mhalifu. Maelfu ya mafundi, madereva na wakulima waaminifu wana mpangilio huohuo.

Udhaifu wa maneno unamdhuru vipi mtu akishakamatwa?

Hapa naomba usome taratibu.

Tangu mtu anapokamatwa hadi siku anayotoka, kila kitu ni maneno. Haki ya kukaa kimya ni maneno. Maelezo ya polisi, hati ya mashtaka, masharti ya dhamana, swali la mwendesha mashtaka lililofungwa ndani ya swali lingine, kanuni za gereza, barua ya rufaa. Tumechukua watu waliopungukiwa zaidi katika lugha tukawaweka mahali ambapo lugha ndiyo inayoamua maisha yao.

Gísli Gudjonsson, mwanasaikolojia kutoka Iceland aliyefanya kazi Uingereza, alitoa mwaka 1984 kipimo cha wepesi wa kushawishika. Mtu anasomewa hadithi fupi, kisha anaulizwa maswali ambayo mengine yamebeba uongo ndani yake. Baadaye anaambiwa kwa ukali kwamba amekosea sana na ajibu upya. Watu wenye uwezo mdogo wa akili huelekea kuteleza mara mbili: wanakubali uongo uliofichwa ndani ya swali, na wakibanwa wanabadili hata jibu walilolipata sawasawa.

Earl Washington alikuwa kibarua wa mashambani huko Virginia, Marekani, IQ yake takriban 69. Mwaka 1983 polisi walimuuliza kuhusu kesi moja baada ya nyingine, naye akakubali nyingi. Alikiri kumbaka na kumuua mwanamke mmoja, lakini alikosea hata rangi ya ngozi ya marehemu, na akasema alimchoma kisu mara mbili au tatu wakati mwili ulikuwa na majeraha 38. Alihukumiwa kifo. Mwaka 1985 zilikuwa zimebaki siku 9 auawe, ndipo mawakili wakafanikiwa kusimamisha. Mwaka 2000 alisamehewa kabisa baada ya vipimo vya DNA. Karibu miaka 17 ilipotea kwa sababu mtu mpole alizoea kuwaitikia wakubwa "ndiyo."

Henry McCollum na Leon Brown, ndugu wawili wenye ulemavu wa akili kutoka North Carolina, walisainishwa maungamo mwaka huohuo wa 1983, mmoja akiwa na miaka 19 na mwingine 15. Walitoka mwaka 2014.

Ndiyo maana nawasihi askari na mawakili wasimuulize mtu "umeelewa?" Atasema ndiyo. Mwambie hivi: "Nieleze kwa maneno yako, nimekuambia nini?" Utaona mwenyewe ni watu wangapi waliokuwa wakiitikia sauti yako tu. Inachukua dakika moja.

Nani aliyeanza kusema uhalifu unatokana na akili ndogo?

Mwaka 1876 Cesare Lombroso wa Italia alidai mhalifu huzaliwa na alama za mwili zinazomtambulisha. Charles Goring aliwapima wafungwa wapatao 3,000 wa Uingereza na mwaka 1913 akalikanusha dai hilo la maumbile, lakini akaweka lingine mahali pake: kwamba tatizo ni udhaifu wa akili. Huko Marekani Henry Goddard, aliyekipeleka kipimo cha Binet katika taasisi yake ya Vineland, New Jersey, alieneza imani kwamba hadi nusu ya wahalifu ni wapungufu wa akili.

Kilichoiyumbisha imani hiyo ni vita. Mwaka 1917 jeshi la Marekani lilianza kuwapima askari wapya, na jumla yao ikafika karibu milioni 1.7. Wastani wa "umri wa akili" wao, yaani umri wa watoto ambao kwa kawaida hupata alama kama hizo, ukatoka miaka 13 hivi. Kwa kigezo cha Goddard, kilichomhesabu mtu mzima mwenye umri wa akili wa miaka 12 au pungufu kuwa mpungufu, hiyo ingemaanisha karibu nusu ya vijana wa taifa ni wapungufu! Carl Murchison akawalinganisha wafungwa na askari hao na mwaka 1926 akaandika kwamba wafungwa hawakuwa chini yao. Edwin Sutherland naye, mwaka 1931, alikusanya tafiti takriban 350 akaonyesha kwamba sehemu ya wafungwa walioitwa wapungufu ilishuka kutoka zaidi ya nusu katika miaka ya 1910 hadi 1914 mpaka kama moja ya tano katika miaka ya 1925 hadi 1928. Wafungwa hawakuwa wameerevuka ghafla. Vipimo na wapimaji ndio waliobadilika.

Wakati wasomi wanabishana, watu walikuwa wanakatwa. Daktari Harry Sharp alianza kuwafunga uzazi wafungwa katika gereza la vijana la Jeffersonville, Indiana, mwaka 1899, na mwaka 1907 jimbo hilo likawa la kwanza kupitisha sheria ya kufunga uzazi kwa lazima. Kwa miongo iliyofuata zaidi ya watu 60,000 walifanyiwa hivyo nchini Marekani, wengi kwa kisingizio cha akili. Mahakama Kuu ya nchi ilikuja kuwakinga wafungwa mwaka 1942, katika kesi ya Jack Skinner wa Oklahoma, ambaye kosa lake la kwanza lilikuwa kuiba kuku. Kila ninapoandika namba kwenye ripoti nakumbuka kwamba namba kama hiyo ilishawahi kumpeleka mtu kwenye kisu.

Labda wenye akili wanafanya uhalifu vilevile, ila hawakamatwi?

Swali zuri, na limejaribiwa. Mwaka 1988 Moffitt na Phil Silva waliwalinganisha vijana wa Dunedin waliokiri wenyewe makosa lakini polisi hawakuwa na habari zao, na wale waliojulikana kwa polisi. Makundi yote mawili yalikuwa chini ya vijana wasio na makosa, na hayakutofautiana sana yenyewe kwa yenyewe. Basi kukamatwa peke yake hakuelezi pengo lote.

Ila utafiti huo ni wa makosa ya vijana: kuiba, kupigana, kuharibu mali. Anayehamisha fedha za umma kwa kalamu huhitaji elimu kwanza ili afike kwenye kiti hicho, na wa namna hiyo ni wachache magerezani. Ukimpima aliyeko selo hujampima kila mhalifu.

Kwa hiyo akili ndogo husababisha uhalifu?

Watu wengi sana wenye IQ ndogo hawajawahi kumdhuru yeyote, na wao huwa wahanga wa uhalifu mara nyingi zaidi. Anzia hapo.

Njia zinazounganisha mambo haya mawili ni ndefu na zina kona. Hirschi na Hindelang waliona shule ndiyo daraja: mtoto anashindwa darasani, anachekwa, anaichukia shule, anaiacha, anajikuta na wenzake walioiacha. Mwalimu mmoja mvumilivu anaweza kulikata daraja hilo, na nimewaona waliokatiwa.

Nyingine ni kichwa chenyewe. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2010 uliounganisha tafiti nyingi ulikuta karibu asilimia 60 ya wahalifu waliwahi kupata jeraha la ubongo: ajali, kipigo cha nyumbani, kuanguka, ngumi. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kujizuia, huumia kirahisi katika ajali za namna hiyo. Siku hizi nauliza kila mtu: uliwahi kupigwa ukapoteza fahamu? Wengi hujibu kwa kuinama na kunionyesha kovu kabla sijamaliza swali. Ongeza sumu ya madini ya risasi katika rangi na petroli za zamani, utapiamlo wa utotoni, pombe na dawa za kulevya. Ukiona alama ndogo, umeona mahali ambapo mito mingi imemwagika. Haikuambii ni mto upi.

Vipimo vilivyotungwa kwa watu wa nchi nyingine vinafaa kwa kila mfungwa?

Si bila uangalifu. Mwanasaikolojia wa Kisovieti Alexander Luria alipokwenda Uzbekistan mwaka 1931 na 1932, aliwaambia wakulima wasiosoma: kaskazini ya mbali, penye theluji, dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali, dubu wa huko wana rangi gani? Wengine walijibu kwamba hawajui, hawajafika huko, aulizwe aliyefika. Kwa kipimo hilo ni kosa. Kwa mtu mwaminifu asiyependa kusema asiyoyaona, ni jibu la heshima. Mahakamani, kwa hakika, ndilo jibu tunalomwomba shahidi atoe.

Robert Serpell naye, katika utafiti wa mwaka 1979, aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi Waingereza waliongoza. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia hutengenezea magari ya kuchezea, Wazambia waliongoza. Kwa udongo wa mfinyanzi walilingana. Uwezo ulikuwepo kwa wote, kilichotofautiana ni kile ambacho mikono ilikizoea.

Kuna pia suala la kipimo kuzeeka. James Flynn alionyesha kwamba katika karne ya 20 alama zilikuwa zikipanda kama pointi 3 kila miaka 10, kwa hiyo anayepimwa kwa viwango vya miaka 20 nyuma hupata alama kubwa kuliko anazostahili. Pointi 6 zinaweza kuonekana kitu kidogo, mpaka usome kuhusu hukumu ya kifo hapo chini.

Ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili ni kitu kimoja?

Hapana. Ugonjwa wa akili unaweza kumpata mtu wakati wowote, na mara nyingi hutibika au kutulizwa. Ulemavu wa akili huanza utotoni na unahusu uwezo wa kujifunza na kujimudu. Kuuthibitisha kunataka mambo matatu: alama iliyo chini sana, kwa kawaida karibu na 70 au pungufu; ugumu halisi katika maisha ya kila siku, kama kushika fedha, kusafiri peke yake au kutunza miadi; na dalili zilizoanza kabla ya utu uzima. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili, ulemavu na ugonjwa.

Seena Fazel na wenzake waliunganisha mwaka 2008 tafiti zilizogusa wafungwa wapatao 12,000 katika nchi kadhaa, wakakuta kwa kawaida asilimia 0.5 hadi 1.5 ndio waliothibitishwa kuwa na ulemavu wa akili. Iko chini mno kuliko ile hesabu yangu ya mwanzo, kwa sababu kule nilihesabu alama peke yake, na hapa pametakiwa yote matatu. Katikati ya hesabu hizo mbili kuna watu wengi wasio na cheti chochote wala msaada wowote.

Alama ya IQ inaweza kumwokoa mtu na hukumu ya kifo?

Nchini Marekani, ndiyo. Mwaka 2002, katika kesi ya Daryl Atkins wa Virginia, Mahakama Kuu iliamua kwamba kumuua mtu mwenye ulemavu wa akili ni adhabu ya kikatili inayokatazwa na katiba. Florida ikachora mstari: ukizidi 70 hata kwa pointi moja, kesi yako ya ulemavu haisikilizwi. Freddie Lee Hall alikuwa na 71. Mwaka 2014 mahakama ikaukataa mstari huo, ikieleza kwamba kila kipimo kina kiwango chake cha kukosea, na 71 inaweza kumaanisha chochote kati ya 66 na 76. Mwaka 2017, katika kesi ya Bobby Moore, Texas nayo ilizuiwa kutumia vigezo vyake vya mtaani badala ya vya kitabibu.

Mfungwa hawezi kujitia hamnazo ili apunguziwe adhabu?

Anaweza kujaribu. Tuna njia za kumbaini, na moja naweza kuieleza bila kuharibu siri ya kazi. Mtu akionyeshwa picha 50, kisha kwa kila moja aulizwe achague kati ya mbili ipi aliiona, anayebahatisha tu atapata kama 25. Anayepata 10 anayajua majibu na anayakwepa. Isitoshe, ulemavu haunyeshi kama mvua ya ghafla. Rekodi za shule, walimu, majirani na wazazi husema.

Lakini ninachokutana nacho zaidi ni kinyume chake. Mtu ameficha udhaifu wake tangu utoto. Anashika gazeti asilolisoma. Anasema "nimesahau miwani" na hajawahi kuwa na miwani. Anacheka wenzake wanapocheka. Afadhali aitwe mkaidi kuliko aitwe mjinga, na gerezani mkaidi huadhibiwa.

Je, kifungo chenyewe hupunguza uwezo wa akili?

Ukaaji bila shughuli, usingizi mbaya na hofu ya kila siku vinaichosha akili. Utafiti mdogo uliofanywa Amsterdam uliona uwezo wa wafungwa wa kujizuia ukishuka ndani ya miezi 3 tu. Alama ya mfungwa wa muda mrefu isomwe kwa kukumbuka hilo.

Basi faida ya kupima ni nini?

Ni kujua useme naye vipi. Sheria za Nelson Mandela, kanuni za kuwatunza wafungwa zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa asiyesoma aelezwe kanuni kwa mdomo, na kabla ya kumwadhibu kwa utovu wa nidhamu, itazamwe kama ulemavu wake wa ukuaji ulichangia. Zinasema pia elimu kwa wasiojua kusoma iwe ya lazima. Bila kupima, hutajua hao ni akina nani.

Elimu inalipa. Taasisi ya utafiti ya RAND ilipokusanya tafiti za Marekani mwaka 2013, ilikuta uwezekano wa kurudi gerezani ulikuwa pungufu kwa asilimia 43 kwa waliosoma wakiwa ndani. Programu nyingi za kurekebisha tabia, hata hivyo, zimejaa karatasi na maneno mazito. Mwenye lugha dhaifu hushindwa, anaandikiwa "hataki kubadilika," na nafasi ya kutoka mapema inapotea. Mpe mambo hayohayo kwa picha, kwa kuigiza, kwa hatua fupi zinazorudiwa, na umwache atumie mikono ambayo kipimo kimesema ni hodari.

Ndugu yangu yuko ndani na nadhani hakuelewa kesi yake. Nifanye nini?

Mwambie wakili mapema, kabla ya hukumu ikiwezekana, aombe tathmini ya mwanasaikolojia. Tafuta ripoti za shule ya msingi, hata zilizochakaa. Alama mbovu za darasa la tatu zina uzito kuliko ushahidi wa mjomba wa leo. Andika mifano: alianza kuongea lini, alipotea njia wapi, nani alimhesabia fedha zake, aliwahi kuumia kichwa lini na alilazwa siku ngapi. Ukimtembelea, ongea naye kwa sentensi fupi, jambo moja kwa wakati, kisha mwombe akueleze ulichosema. Na mwambie asiweke saini karatasi yoyote mpaka mtu amsomee yote, tangu mstari wa kwanza.